Umeme wa Kupita

Kila asubuhi duka la dobi likifunguliwa, mpiga pasi huchomeka pasi ya umeme ukutani, hulowesha kidole kwa mate na kugusa chuma. Kikilia "tss", huanza na kola. Asubuhi moja ya kiangazi chuma hakikulia. Kilikohoa, kisha kikasema, "Polepole, mwanangu. Unaniunguza."

Ilikuwa sauti ya baba yake. Alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba yao, kabla bwawa la umeme halijajengwa. Maji yalipokaribia, wenye mradi waliahidi kuhamisha makaburi, wakaishia kuhamisha walio hai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mikono imekukauka hivyo? Hupaki mafuta?"

Bosi wa duka alikuwa kaunta akihesabu vifungo. "Msalimie," alisema bila kuinua kichwa, "ila nguo za watu ziwe tayari mchana."

Baba alieleza yaliyompata. Maji ya bwawa yamepungua, mitambo inavuta ya chini kabisa, yenye tope, naye akavutwa pamoja nayo. Alizungushwa, akawa umeme. Hakuumia sana. Tatizo lilikuwa moja: kila pasi ikipata moto, yeye hupungua. Miguu yake tayari ilikuwa imeishia kwenye mashuka ya hoteli.

"Nipeleke kwa mama yako kabla sijaisha," alisema.

Mama aliishi kwenye makazi mapya, chini ya nyaya zitokazo bwawani. Mguu mmoja wa mnara wa chuma ulisimama uani kwake, na kamba ya kuanikia nguo aliifunga hapo. Nyumba yake haikuwa na umeme. Kwa hiyo ilibidi mama aletwe dukani. Alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya pasi, akakunja mikono.

"Kumbe uko mjini unastarehe, mzee, mimi naumia macho kwa moshi."

"Nimeletwa, mama watoto. Unadhani ningekuja mwenyewe kwenye kelele hizi?"

"Na miguu umeiacha wapi?"

"Usiulize."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

Tangu hapo mpiga pasi alifanya kazi kwa pasi ya zamani ya mkaa, na ile ya umeme akaichomeka kidogo tu jioni, wazazi wake waongee. Ilikwenda vizuri mpaka cheche ya mkaa iliporuka na kutoboa shati la mteja. Bosi aliliinua shati, akachungulia kwenye tundu.

"Nakuhurumia, mdogo wangu," alisema. "Lakini mteja havai huruma. Rudi kwenye umeme."

Kiuno cha baba kiliishia kwenye sare za shule.

Siku iliyofuata mhandisi wa shirika la umeme alileta shati jeupe. Mpiga pasi hakulipokea mpaka aseme lake.

"Nyaya zenu zinapita juu ya paa la mama. Mshushieni waya mmoja tu, baba ahamie kwake."

Mhandisi aliitika kwa kichwa. "Kiangazi wazee hupita sana. Juzi bibi mmoja kasimamisha lifti ya ofisi yetu, anaulizia mbuzi wake. Ila ule ni umeme wa kupita, dada, si wa kushuka. Unakwenda kwa watumiaji."

"Na mama awe mtumiaji."

"Hajaunganishwa."

"Muunganisheni."

"Tunaunganisha watumiaji." Alisikitika kweli, ilionekana usoni. "Shati nalisubiri hapahapa. Tunazindua laini mpya ya umeme."

Bosi alimtazama mpiga pasi. Mpiga pasi akachomeka waya.

"Bado upo?" aliuliza mama kutoka kwenye kigoda.

"Kifua kipo."

Mikono ya shati ilipokwisha, kifua nacho kilikuwa kimekwisha. Ikabaki kola, ambayo leo aliiacha mwisho, na sauti.

"Mama watoto, mlango wa nyumba uliufunga?"

"Niliufunga, mzee. Ufunguo ninao."

"Vizuri," alisema baba.

Mpiga pasi alilowesha kidole, akagusa chuma. Kikalia "tss".

Mama alilichukua lile shati kabla halijakunjwa, akalilaza shavuni. Mhandisi alisimama kwa adabu. Baadaye alitazama saa.

"Samahani, mama."

Mama akampa. Mhandisi alilivaa palepale, akafunga vifungo mpaka shingoni. "Bado lina joto," alisema, akaondoka ameridhika.

Giza lilipoanza kuingia mama alikuwa ameshafika kwake, ameweka ufunguo wa nyumba iliyo chini ya maji mahali pake pa siku zote, chini ya mto wa kulalia. Akatoka uani na jiko la mkaa. Juu nyaya zilikuwa zikivuma. Kwao, kaburi la mume wake lilikuwa la mwanzo tu kuvutwa na mitambo. Sasa ilikuwa zamu ya majirani wa mtaa wa zamani, nao walikuwa wakielekea mjini. Mama aliinua uso, akawasalimia wote kwa pamoja. Hakuna aliyeweza kushuka.

Akainama, akapuliza mkaa.