Mgongo Wangu Bila Hélène

Mke wangu Hélène alikuwa ananisugua mgongo kila Jumamosi. Tangu afe, hakuna mutu anauona, na sikuona hasara. Ningeusugua na maji gani? Hapa mtaani Mangobo bomba linakohoa tu, na wakubwa wanapita na magari yao, vioo juu.

Florentine, mke wa mutoto wangu, ndiye anafua mashati yangu. Siku moja akaniletea moja mlangoni, macho chini.

"Papa, hapa begani limeungua. Kuna na damu."

"Ni cheche za soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, jirani pale kazini. Mimi sikuungua."

"Shati liungue, mutu asiungue?"

Bon, tukaenda kituo cha afya. Benchi ni lilelile Hélène alifia, tukingoja daktari aliyeitwa kwenye mkutano wa wakubwa.

Micheline, muuguzi, alianza na waliotutangulia. Mama mwenye vipele kati ya vidole, vinamuwasha usiku: upele, na nyumba nzima itibiwe. Kijana mwenye duara shingoni, ukingo una magamba, katikati ni safi: choa, apake dawa. Nikaona ni kazi nyepesi, anayejikuna anapewa tube ya dawa.

"Na wewe papa, inakuwasha?"

"Haiwashi, haiumi. Nimeletwa na mkwe."

"Toa shati."

Florentine akageukia ukuta. Kwetu mkwe haangalii mgongo wa baba mkwe. Micheline akaniambia nifumbe macho. Atanigusa na pamba, na kila akigusa nionyeshe kwa kidole.

Mkononi nikaonyesha. Shingoni nikaonyesha. Halafu akaacha. Nikangoja.

"Mama, pamba imekwisha? Ama unangoja ruhusa ya mukubwa? Na mke wangu mulimungojesha hivi hivi."

Nikaendelea, macho bado nimefumba.

"Ndiyo serikali yetu hiyo. Mgonjwa anafumba macho, wenyewe wanasinzia."

"Papa." Sauti ya Florentine ilitoka karibu na bega langu, si ukutani. "Anakugusa. Tangu uanze kumutukana, anakugusa."

Nikafumbua macho. Micheline hakuwa amekasirika.

"Hili baka la begani limepauka, halitoi jasho, halisikii kitu," akasema. "Ni ukoma, papa, lakini tumeuwahi. Vidonge vya miezi sita, bure."

"Bure ile wakubwa wanaahidi kwenye redio?"

Akafungua kabati, akaniwekea vidonge mkononi.

"Utajiumiza bila kujua. Nyumbani nani atakuangalia mgongo?"

Nikainama kutafuta shati. Florentine alikuwa amelishika tayari.

"Mimi," akasema. "Kila Jumamosi."