Maswali Tisa ya Kadi ya Njano

Simu ya wifi yake ilimkuta mwanasaikolojia katika chumba cha nyuma ya ukumbi, kitambulisho kikining'inia shingoni, hotuba mkononi, na fundi wa vipaza sauti akimbania waya kwenye kola.

"Wifi, uko wapi?"

"Kazini. Kuna nini?"

"Mdogo wako anagawa vitu vyake."

"Vitu gani?"

"Baiskeli kampa mlinzi. Redio kampa fundi viatu. Leo asubuhi kampa jirani ile rula ya chuma aliyoachiwa na mwalimu wake wa kazi. Ile rula, wifi! Mimi mkewe nilikuwa siruhusiwi hata kuipangusa vumbi. Nimemuuliza, kacheka. Anasema anapunguza makorokoro."

Mwanasaikolojia alikaa.

Kugawa vitu unavyovipenda. Hilo lilikuwa swali la sita kwenye kadi ya njano, na kadi ya njano ndiyo iliyojaza ukumbi siku ile. Kadi ndogo ya kuingia mfukoni, maswali tisa, ya kumwuliza mtu unayehofia kwamba anataka kujiua. Aliyatunga yeye, moja moja, kutoka vinywani mwa wagonjwa waliopona na ndugu wa wale ambao hawakupona. Alizunguka nayo zahanati kwa zahanati miaka kumi na tisa, akichekwa na madaktari, akiambiwa anachochea watu, akiulizwa kama hana kazi ya maana. Leo wakubwa wa wizara walikuwa wanatangaza kwamba kila kituo cha afya nchini kitaitumia.

Na kila nakala ya kadi hiyo, tangu ya kwanza, ilichapwa na mdogo wake.

"Usimwambie kama nakuja," alisema. Akaubandua waya kolani, akampa fundi hotuba kana kwamba naye ni mhusika, akatoka kwa mlango wa jikoni.

*

Mdogo wake walimwita Wino tangu utotoni, kwa kuwa hakuwahi kurudi shuleni na shati safi. Ukubwani jina likageuka kazi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mashine mbili za kuchapia, meza ya kukatia karatasi, na harufu ambayo dada yake angeitambua hata akiwa amefumba macho: mafuta ya mashine, gundi na karatasi mbichi.

Alimkuta anafagia. Rafu zilikuwa zimepangwa mpaka zikatia hofu. Kwa miaka yote duka hilo lilikuwa vurugu tupu, ukimwuliza kitu anakwambia usiguse, najua kilipo. Sasa kila kitu kilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa jina lake. Mtu yeyote angeweza kuingia na kuendelea na kazi pale ilipoachwa.

"Mheshimiwa!" alisema Wino, akiegemea ufagio. "Si leo ndiyo siku yako? Au wamekufukuza ukumbini kwa viatu hivyo?"

"Viatu vina nini?"

"Havina kitu. Ndiyo tatizo lake."

Alicheka, naye dada mtu akajikuta amecheka, kisha kicheko kikamganda mdomoni. Wino alikuwa amekonda. Lini? Alimwona wiki mbili zilizopita, alipokuja kuchukua maboksi ya kadi za leo. Alikaa dakika tano, injini ya gari ikinguruma nje. Alimwambia hongera kwa kazi nzuri. Wiki mbili zilizopita alimwambia hongera kwa kazi nzuri, basi.

"Wino, nataka kukuuliza jambo."

"Uliza."

Alivuta kigoda, akakaa upande, si uso kwa uso, kama alivyowafundisha wauguzi mia kadhaa. Akashusha sauti. "Siku hizi, ukiamka asubuhi..."

"...kitu gani kinakufanya utoke kitandani," alimalizia Wino. "Swali la kwanza. Kazi, dada. Na kibofu."

"Usifanye mzaha."

"Basi uliza la pili. Nikusaidie? La pili ni la usingizi. Nalala vizuri. La tatu ni chakula. La nne ni kama nina mtu ninayeweza kumwambia lolote. Ninaye, amekaa kwenye kigoda changu na viatu visivyo na kitu." Alianza kufagia tena, polepole. "Nimezichapa laki mbili na ushei. Nikifumba macho naziona. Usijisumbue."

Dada mtu akakumbuka meza ya jikoni kwake, miaka ile ya mwanzo. Wino alikataa kuchapa kitu asichokielewa. Kazi ya mpiga chapa, alisema, ni kujua neno gani lina uzito ili alipatie nafasi yake. Kwa hiyo jioni baada ya jioni dada yake alimfafanulia kila swali: mtu akijibu hivi, maana yake hivi; akisita hapa, mpe alama mbili; akitabasamu haraka mno pale, usimwamini. Akamchapisha hata ufunguo wa alama, karatasi ambayo mgonjwa hatakiwi kuiona maisha. Alijivunia kumpata mdogo mwenye akili kiasi kile. Hakuwahi kufikiria kwamba alikuwa anampa funguo za mlango ambao siku moja angeusukuma na kutoka.

"Na rula?" aliuliza. "Kwa nini umetoa rula?"

Ufagio ulisimama kidogo tu. "Jirani anaihitaji."

"Jirani anauza mito na mashuka."

"Anapima mashuka."

"Twende kliniki, Wino. Kwa ajili yangu. Ukitoka sitakusumbua tena."

Wino alimtazama kwa huruma, naam, kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye. Akavua aproni, akaitundika msumarini. "Twende. Nisije nikaambiwa nimekuharibia sherehe bure."

*

Daktari wa zamu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kijana mwenye sauti ya upole na kalamu tatu mfukoni. Alimwingiza Wino chumba cha mahojiano. Dada mtu akabaki kwenye benchi la nje, lile lile la mbao alilolinunua mwenyewe kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa. Hakuwahi kulikalia. Kumbe lilikuwa gumu. Kumbe ukikaa hapo unasikia vicheko vya ndani lakini maneno huyasikii.

Walicheka mara tatu. Mara ya tatu alijua kwamba daktari amekwisha kushawishika.

Daktari alitoka ameshika karatasi. "Mwalimu, hana tatizo. Sifuri. Nimewahi kuona mbili, nimewahi kuona moja, lakini sifuri safi hivi..."

"Sifuri safi umeiona wapi? Mimi nawe hatupati sifuri! Hata leo asubuhi nimepata tatu kabla ya chai!"

"Mwalimu, punguza sauti kidogo."

"Anadanganya. Ile kadi anaijua kuliko wewe."

"Inawezekana. Nimemuuliza habari ya kugawa vitu, akasema anahamia chumba kidogo. Nimemuuliza nje ya kadi pia, kama ulivyotufundisha. Kajibu vizuri." Alisita. "Una ushahidi gani mwingine?"

"Ni mdogo wangu. Namjua."

Kijana aliinamisha kichwa.

"Ukurasa wa kumi na moja, mwalimu."

Ukurasa wa kumi na moja wa mwongozo aliuandika yeye kwa hasira. Enzi hizo watu waliletwa wamefungwa kamba, wakafungiwa miezi kwa kuwa kaka kasema, mume kasema, shangazi kasema. Alipambana na wakubwa watatu kwa zamu mpaka sentensi ile ikapita: neno la ndugu pekee halitoshi kumzuia mtu. Chini ya alama saba, mlango uko wazi. Ulikuwa ushindi wa maisha yake. Watu waliwahi kumpigia makofi kwa sentensi hiyo wakiwa wamesimama.

"Naomba siku tatu tu," alisema, na akaisikia sauti yake ikifanana na sauti za wote waliowahi kukaa kwenye benchi lile, wale aliowajibu kwa adabu na kuwapa kijikaratasi. "Siku tatu. Nakuomba kama mama yako."

"Siwezi, mwalimu. Ungekuwa wewe mahali pangu, ungekataa." Machozi yalimlengalenga. "Nimempa miadi ya kesho kutwa. Kasema atakuja."

Wino alitokea mlangoni, mikono mifukoni. "Tumemaliza? Kijana mzuri huyu. Umemfundisha vizuri."

*

Walirudi dukani. Simu ya dada mtu ilitetemeka mkobani njia nzima. Ukumbi ulikuwa unamtafuta, kisha ukaacha kumtafuta. Aliteremka kwanza, akaingia kwa muuza mashuka, akatoka na rula ya chuma. Muuza mashuka aliitoa haraka, kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Dada mtu aliiweka mezani mbele ya mdogo wake.

Wino hakuigusa.

Mwanasaikolojia alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya kila hali: ya kufungulia, ya kunyamazishia, ya kumshika mtu asiteleze. Kila alilolitafuta lilimjia katika herufi za Wino, rangi nyeusi juu ya njano. Hakubaki na moja ambalo lilikuwa lake.

"Sijui nifanye nini," alisema.

Wino aliinua uso. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutabasamu.

"Hilo sijawahi kulichapa," alisema.

Nje mtu alikuwa anateremsha mabati, moja baada ya jingine.

"Ni kweli, Wino? Unataka kufa?"

Wino hakukataa. "Nimechoka, dada."

"Kwa nini? Niambie kwa nini."

"Ningekuwa na kwa nini ningekupa. Unadhani ningekunyima wewe?" Alikaa juu ya boksi la karatasi, mikono ikining'inia kati ya magoti. "Unakumbuka nilikuuliza, mtu akijibu uongo itakuwaje? Ukasema aliyefika hapo hana nguvu za kudanganya. Umeisema hiyo kwenye mikutano, nimeisikia redioni. Watu wakapiga makofi." Alitikisa kichwa, taratibu, bila chuki. "Kumbe nguvu zinazobaki ni za kazi hiyo ya kudanganya tu."

Dada yake alitaka kumkumbatia na akaogopa. Badala yake akatoa simu, akampigia wifi, akamwambia aache alichokuwa anafanya na aje. Tutapokezana, alisema. Usiku wewe, mchana mimi. Alipokata, mdogo wake alikuwa anamtazama.

"Mtanilinda kama duka?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Kesho kutwa tunarudi kwa yule kijana. Utamwambia ulichoniambia mimi."

"Nisipomwambia?"

"Nitakaa."

"Huwezi kukaa kila siku, dada."

Angeweza kudanganya. Familia yao, inaonekana, ilikuwa na kipaji hicho.

"Siwezi," alisema.

Wino aliitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeoneshwa kazi iliyopimwa sawasawa. Kisha akanyoosha mkono mezani, akaichukua rula. Moyo wa dada yake ukaruka, ameichukua, ameirudia. Lakini aliigeuza, akaishika ncha, akamwelekezea.

"Basi ichukue wewe. Ni nzuri. Haijapinda mahali popote."

"Sipokei."

"Dada."

"Sipokei, Wino."

Aliipeleka mikono yake nyuma ya mgongo, akafungamanisha vidole kwa nguvu, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyevaa suti ya sherehe na kitambulisho shingoni. Hapakuwa na mwongozo wa jambo hilo. Alijua tu kwamba mikono ikitoka nyuma, mdogo wake amekwenda.

"Mkono unachoka," alisema Wino baada ya muda.

"Irudishe mezani."

Hakuirudisha. Na yeye hakupokea. Wifi alipofika akihema, kanga imemteleza begani, aliwakuta hivyo hivyo, akasimama kizingitini bila kujua aanze na yupi.