Kilele Kidogo Kando ya Mlima

Jamani, mtu abebe karatasi moja miaka kumi na miwili? Loro aliibeba. Kutwa alisukuma mizigo uwanja wa ndege wa Juba, na karatasi ilikaa ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya mkoba wake wa kazi.

Zamani Loro alisomea kemia Nairobi. Lo, siku zile! Yeye na mwenzake Nyaruot waliunganisha silikoni na chuma ndani ya chupa zilizojaa nitrojeni, maana hewa ikipenya tu, kwisha kazi. Zikatokea fuwele za rangi ya chungwa, nzuri ajabu. Lakini vifuniko vya chupa vilikuwa vikuukuu, na Loro kwa kuogopa hewa akavipaka grisi kama mtu apakaye chapati mafuta. Kumbe grisi ya maabara nayo ina silikoni! Mashine ya kupima ikachora kwenye karatasi mlima mkubwa na, mbali kidogo, kilele kidogo.

"Bwana, umetengeneza grisi," mwalimu akacheka. "Na hicho kidogo ni makelele ya mashine tu, si kitu."

Darasa zima likamwita Grisi. Aibu ikamrudisha nyumbani bila shahada. Aliikumbuka ile rangi ya chungwa mpaka ikamuuma, na kila jioni kule mtaani kwake Gudele alikitazama kile kilele, akijiuliza: tuliipata silikoni yenye chuma, au hatukuipata?

Leo Nyaruot, mwalimu sasa, alishuka kwenye ndege ya Nairobi akamfuata penye matoroli. Hata salamu hazijaisha.

"Loro, wanafunzi wangu wameirudia kazi yetu. Bila grisi hata chembe."

Akafunua karatasi. Mlima haupo. Kilele kimoja tu, kwenye alama ya arubaini na moja ya kipimo.

"Silikoni iliyoshikana na chuma hukaa hapo," akasema. "Grisi hukaa upande wa pili wa sifuri."

Loro akaliachia toroli. "Fungua mkoba wangu. Biblia, kwenye Zaburi."

Nyaruot akaitoa karatasi kuukuu, akaibandika juu ya ile mpya, akaziinua zote juani. Kile kilele kidogo na hiki kipya vikalaliana sawasawa.

"Ilikuwepo," Loro akasema, machozi yakimtoka bila haya. "Dada yangu, ilikuwepo siku ile ile!"

"Shika basi. Ni yako."

Loro akanyoosha mikono, kisha akairudisha upesi. Ilikuwa myeusi kwa grisi ya magurudumu.

"Ngoja kwanza ninawe," akasema.