Mkono wa Hamisa

Jumamosi moja ya mwaka 1958, saa kumi jioni, wanachuo wa chuo kimoja cha ualimu pale Korogwe waligeuza mabenchi ya bwalo yatazame upande mmoja, wakafuta makombo ya maharage mezani, wakaanza mjadala wa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria uliokuwa unakuja. Ubaoni waliandika kwa chaki: KUULIZA SI UJINGA. Mwenyekiti alikuwa Habakuki, Mshambaa mrefu wa miaka ishirini na miwili, aliyependa kanuni kuliko chai. Kanuni ya nne aliitunga mwenyewe: mwenye swali ainue mkono, wala asiushushe mpaka ajibiwe.

Habakuki alieleza habari za kura tatu. Kila mpiga kura atachagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake itaharibika. Wanachuo waliuliza maswali mepesi, wakajibiwa, mikono ikashuka.

Kisha kwenye mlango wa jiko ukainuka mkono wa Hamisa, mpishi, mama wa Kwamsisi aliyewapikia wanachuo kwa miaka kumi na mmoja. Hamisa aliwajua wagombea watatu, mmoja wa kila rangi. Mzungu, meneja wa shamba la mkonge, aliwahi kula maharage yake hapo chuoni akaomba aongezewe. Mwasia, Dilip mwenye duka wa Handeni, alimuuzia mafuta ya taa na hakumpunja hata siku moja. Mwafrika alikuwa mwalimu, na mama yake alichota maji kisima kimoja na Hamisa. Wanachuo hawakumjua hata mmoja wao, ila walikwisha kubishana juu yao kwa saa nzima.

"Mwenyekiti," alisema Hamisa, "mimi nitapigia wapi kura yangu?"

"Swali limepokelewa, mama."

Mkono ulishuka hadi usawa wa sikio, ukasita, ukapanda tena. Mjadala ulipofungwa bado ulikuwa juu. Gregori, mwanachuo wa Bumbuli mwenye mabega ya mbeba magunia, aliuning'inilia kwa uzito wake wote ili aushushe, akapata kubembea kidogo. Habakuki alifungua daftari la kanuni, akasoma, akasema hakuna kanuni iliyovunjwa.

Basi Hamisa akawa anapika na kupakua kwa kushoto, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Wanachuo walisema kupewa chakula kwa mkono wa kushoto ni kudharauliwa, tena mchana kweupe. Jumanne ukaitishwa mjadala wa dharura: je, ugali uliopakuliwa kwa kushoto unalika? Walizungumza kwa saa tatu, wakainua mikono, na waliosema unalika wakashinda kwa kura tisa, maana njaa nayo ilikuwa upande wao. Mkono wa Hamisa ulikuwa juu muda wote huo. Haukuhesabiwa, kwa kuwa yeye hakuwa mwanachama.

Bega lilimuuma. Kutojibiwa kulimuuma zaidi, na hakuficha; alipowapakulia alimtazama kila mmoja usoni, nao wakatazama sahani.

Jumatano Gregori alishindwa kuvumilia, akaingia jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hutapiga kura."

Mkono ulishuka taratibu, ukatulia juu ya paja. Hamisa aliukanda kwa mafuta ya nazi.

"Ahsante. Katika wasomi wote hawa, wewe peke yako ndiye uliyenijibu. Sasa niambie, kwa nini?"

Mikono yote miwili ikapanda. Gregori alifikiri kidogo, akakumbuka kwamba ana kipindi cha hesabu.

Kwa siku mbili hapakuwa na ugali. Wanachuo walikula mihogo mibichi, wakawa wapole. Ijumaa Habakuki alikwenda kumwita mkuu wa chuo, Mwingereza wa soksi ndefu, mtu muungwana kwa kila aliyemjua. Mkuu alikuja na karatasi ya sheria, akaisoma kwa Kiswahili safi mbele ya mafiga. Mpiga kura awe amefika darasa la nane. Asipofika, awe na kipato cha kiasi kilichotajwa kwa mwaka. Hamisa aliishia la pili, na mshahara wake haukukaribia kiasi hicho.

"Hiyo ndiyo sababu, mama," alisema mkuu. "Pole sana."

Mikono yote miwili ilishuka. Wanachuo waliokuwa dirishani walishangilia, mmoja akakimbilia sahani. Hamisa alijifunga kanga vizuri, akachukua mwiko, akakoroga uji wa unga mara mbili.

"Na mshahara wangu, bwana mkubwa, anaupanga nani?"

Mkono wa kulia ulipanda, safari hii ukiwa na mwiko. Mkuu aliutazama mwiko, akatazama saa yake, akasema muda wa chai umefika.

Septemba uchaguzi ulifanyika. Asubuhi ya siku hiyo Habakuki alikuja jikoni amevaa tai, akaamkia, akasema kwamba juu ya Mwafrika na Mzungu amekwisha kuamua, ila wagombea wa Kiasia hana habari zao kabisa.

"Dilip hapunji," alisema Hamisa.

"Ahsante, mama." Akaenda Korogwe mjini kupiga kura zake tatu.

Mwiko ulikuwa ukigonga fremu ya mlango kila Hamisa alipoingia na kutoka, na rangi ilianza kubanduka. Mkuu wa chuo aliliona hilo mwenyewe, akasikitika. Akamwita Ponsiano, seremala wa Masuguru, na kwa siku moja mlango wa jiko ukapandishwa futi mbili. Kazi ilikuwa nzuri, hata moshi ukawa unatoka vizuri zaidi.

Hamisa alipita bila kuinama, akaenda bwaloni kupakua kwa mkono wa kushoto.