Vioo vya Sebuleni

Katikati ya mji mkongwe wa serikali, nyuma ya bunge la zamani, lilichimbwa shimo la msingi wa maktaba mpya ya taifa. Aliyeichora alikuwa msanifu wa miaka thelathini na minne, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Ukingoni mwa shimo ilibaki nyumba moja ya mawe na chokaa, ambayo sheria ya majengo ya kale ilikataza isiguswe. Humo aliishi mama mkubwa wa msanifu huyo, aliyemlea tangu alipofiwa na mama.

Shimo lilipozidi kwenda chini, ufa ulijitokeza kwenye ukuta wa sebule. Mhandisi akabandika vipande vitatu vya kioo kukatiza ule ufa, akamweleza mwenye nyumba kwamba ukuta ukisogea hata unywele, kioo kitapasuka na kazi itasimama siku hiyo hiyo. Kila Jumatatu alipita kuvitazama. Wiki saba mfululizo aliandika kwamba ni vizima.

Wiki ya nane msanifu alipita mwenyewe kumjulia hali mama. Akiwa na kikombe cha chai mkononi, aliona kioo cha katikati ni kinene kuliko wenzake. Akatupa jicho kabatini. Picha yake ya mahafali ilikuwa kwenye fremu isiyo na kioo.

"Mama, umebadilisha mara ngapi?"

Mama mkubwa hakujitia hajui. "Mara nne. Wangekusimamishia kazi, mwanangu."

"Na ukuta ungekuangukia?"

"Siku hizi nalala chumba cha nyuma."

Msanifu hakugombana naye. Aliweka kikombe chini, akampigia mhandisi simu. Kabla ya saa kumi mitambo ilikuwa imezimwa. Nguzo za chuma ziliingizwa sebuleni kushikilia dari, na mama mkubwa akahamia kwa msanifu, akilalamika njia nzima juu ya mapazia yake.

Kikaoni, mkandarasi alitaka kujua nani alichezea vioo. Msanifu angeweza kunyamaza. Alisema ni mama yake. Hakuna aliyepandisha sauti. Iliamuliwa jengo lisogezwe mita sita na lichorwe upya, na achore mtu mwingine.

Nyumba ilipona. Maktaba ilifunguliwa miaka mitatu baadaye, na msanifu na mama yake wakapanga foleni kama watu wote. Ndani, mama mkubwa alimuuliza kipi humo kilitoka kwenye mchoro wake. Msanifu akatazama huku na huku, akasema wamebakiza ngazi.

"Basi tukae hapo."

Wakakaa kwenye ngazi, mama akinyoosha miguu, mpaka mlinzi alipokuja kuwaambia kwa upole kwamba wanaziba njia.