Picha Iliyobaki Mji wa Pili

Gazeti lao la mtandaoni lilikuwa limeboronga: habari ya mwizi wa nyaya za shule ilitoka na picha ya fundi umeme aliyeitwa kuja kuzirudishia. Na fundi huyo alikuwa mdogo wake mhariri, tumbo moja.

Mhariri aliiondoa picha asubuhi hiyohiyo na kuomba radhi kwa maandishi. Lakini ili kurasa zifunguke upesi, nakala zake ziliwekwa kwenye mitambo ya miji mingine. Ukibadilisha ukurasa makao makuu, sharti nakala za kule nazo zifutwe. Kazi hiyo ilikuwa ya Chapuchapu, shosti wake tangu chuoni, walikochangia hata kipande cha sabuni.

"Umefuta kote?"

"Kote, mwaya. Angalia mwenyewe."

Akaangalia. Kweli, picha haipo. Akampigia mdogo wake, aliyekuwa akiishi mji wa pili. "Yamekwisha, baba. Tulia."

Wiki iliyofuata simu ikalia. "Dada, si ulisema mmeitoa? Mwenye nyumba kanionyesha sasa hivi. Kasema nihame."

"Labda aliihifadhi kwenye simu yake."

"Nimefungua kwenye yangu. Ni mimi yule, na ngazi yangu begani."

Mhariri akakata simu. Akaenda chumba cha mitambo, akafunga mlango nyuma yake.

"Ulifuta wapi?"

Chapuchapu hakuinua macho. "Hapa kwetu."

"Hapa tu?"

"Mkubwa alisema habari ile inasomwa sana kule, iachwe ijifie yenyewe. Nilijua ukiangalia ya hapa utaridhika."

"Kwa hiyo hukusahau."

"Sikusahau."

Heri angesahau. Kusahau mtu husamehewa. Huku kulikuwa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Futa."

Akamsimamia mpaka mdogo wake alipothibitisha kwa simu kwamba imetoka.

"Ningefukuzwa kazi, ndugu yangu," Chapuchapu alilia.

"Ungeniambia. Ningegombana na mkubwa, wewe usingeguswa."

Mwenye nyumba hakubadili neno. Mdogo mtu akaja na virago vyake, akalala sebuleni kwa dada yake. Siku moja akauliza, "Mbona dada Chapuchapu haji siku hizi? Ningemshukuru, yeye ndiye aliyenifutia ile picha."

"Kazi zimemzidi," mhariri akasema, akaingia chumbani.