Trela Anakata Kona

Wifi yangu ndiye aliyenibandika jina la Trela, na Mungu anamwona. Kisa ni gari langu dogo la rimoti. Kila Jumapili tunashindana uani, nyuma ya gereji ya baba mkwe, na langu likifika kwenye kona lilikuwa likijivuta mbali, taratibu, kama trela, mpaka ligonge ukuta. Jina likashika. Mume wangu akalidaka, watoto wakalidaka. Siku mteja alipofika dukani kwangu akiulizia "cherehani ya Mama Trela", nikasema basi, yamenifika shingoni.

"Jumapili tushindane mimi na wewe," nikamwambia wifi. "Nikishinda, jina hilo likome. Kwenu wote."

"Na ukishindwa?"

"Nitaliandika juu ya mlango wa duka."

Alicheka mpaka spana ikamponyoka. Yeye ni fundi pikipiki, na hajawahi kushindwa pale uani.

Nikalilaza gari kwenye meza ya kukatia nguo. Magurudumu ya mbele yalitazama mbele sawasawa, jambo zuri kwa kwenda moja kwa moja, na huko sikuwa na shida. Nikavifupisha vyuma vya usukani hadi magurudumu yakaelekea nje kidogo kwa mbele, unene wa pindo, nikipima kwa utepe wangu. Springi za mbele nikaweka laini. Puani nikabandika bobini mbili za chuma za cherehani, ili tairi za mbele ziume sakafu.

Nikalipeleka uani kulijaribu. Nikagusa usukani wa rimoti, likageuka papo hapo na kulivaa debe la rangi lililowekwa ndani ya kona. Nikarudia, debe. Nikatoa bobini, debe. Kutoka kugonga ukuta wa nje hadi kugonga debe la ndani! Nikatamani kulitupa kwenye pipa la oili chafu.

Wifi alikuwa amekuja "kusalimia tu", kumbe kunipeleleza. Akasimama mikono kiunoni.

"Gari limepona, Trela. Mgonjwa ni wewe."

"Mgonjwa wapi?"

"Vidole. Umezoea gari zito kugeuka, unakata kona kabla hujaifikia. Hili linasikia. Lisubiri."

"Na wewe unaniambia ya nini?"

"Nikikushinda hivi, utasema nimemshinda mgonjwa."

Nilitaka kumfukuza. Ubaya wake alikuwa anasema kweli, kwa hiyo nikazirudisha bobini na kukaa pale mpaka betri ikaisha, nikivifundisha vidole adabu.

Jumapili baba mkwe alishusha leso, tukaondoka. Wifi alitangulia tangu mwanzo. Kwenye kona ya mwisho kidole kiliniwasha kweli kweli, nikakizuia, nikakizuia, mpaka pua ya gari ikalifikia debe. Ndipo nikagusa. Likapita kwa ndani, katikati ya debe na gari la wifi, mahali ambapo hata uzi ungeomba njia. Nikashinda kwa urefu wa bobini. Vigelegele nilijipigia mwenyewe, sikungoja mtu.

Wifi ni mtu wa neno lake. Tulipokaa mezani akasema, kwa upole usio wake, "Mke wa kaka, naomba maji."

Watoto wakainamisha vichwa. Mume wangu akakohoa.

Mke wa kaka. Hivyo ndivyo alivyoniita nilipoingia nyumba ile mara ya kwanza, nikikalia ncha ya kiti na kula kwa kuona haya. Trela lilikuja baadaye, pamoja na kusukumana na kuchekana. Moyo uliniuma, sitaficha. Nikamsogezea jagi lakini sikuliachia.

"Niite vizuri."

"Si nimekuita kwa heshima?"

"Heshima wape wageni."

Akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja.

"Trela," akasema, "lete maji, nina kiu."

Nikammwagia kidogo mapajani, makusudi kabisa, kisha nikamjazia glasi.